Kiwanda kikizidiwa na bidhaa za nje: njia ya kufuata ukipunguzwa kazi Kigoma na Tabora

Nilifanya kazi miaka 9 na miezi kadhaa kwenye kiwanda cha kukamua mafuta na kutengeneza sabuni hapa Kigoma, upande wa boila. Mafuta ya kutoka nje yalipojaa madukani, mzigo wetu ukaanza kulala ghalani. Tukapunguziwa siku za kazi, zikabaki tatu kwa wiki, baadaye moja. Mwisho tukaambiwa twende nyumbani, mzigo ukipata soko tutaitwa. Hatukuitwa.

Tulikuwa watu 40 na ushee, na waliolipwa kila walichostahili hawakufika nusu. Nilikaa nikatafuta tofauti yetu ilikuwa nini, maana wote tulikuwa na mwajiri mmoja na tulitoka kwa sababu moja. Niligundua kwamba waliolipwa walikuwa na karatasi zao na walianza kufuatilia mapema. Ndiyo maana naandika haya, kwa yeyote aliyeko kiwandani, kwenye ghala la tumbaku Urambo, kwenye jineri ya pamba Igunga au kwenye chumvi Uvinza, ambaye ameanza kuona kazi inapungua kwa sababu bidhaa za nje zinauzwa bei ambayo mwajiri wake haiwezi.

Jua kwanza kilichopo na kisichopo

Wapo watu watakaokwambia serikali ina fungu la waliopoteza kazi kwa sababu ya biashara ya nje. Habari hiyo inatoka nchi nyingine. Marekani ilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 1962, ukapanuliwa kwa sheria ya mwaka 1974. Wafanyakazi watatu tu wa sehemu moja wangeweza kuandika ombi, au chama chao kiwaandikie, na ikithibitika kwamba bidhaa za nje ndizo zilizowaondoa kazini, walilipiwa mafunzo, wakapewa posho wakati wanasoma na gharama za kuhama kufuata kazi mpya. Hata huko, tangu Julai 1, 2022 maombi mapya hayathibitishwi, kwa sababu Bunge lao halikuongeza muda wa mpango. Umoja wa Ulaya nao una mfuko wake tangu mwaka 2007.

Kwetu mfuko wa jina hilo haupo. Ukienda ofisi ya mkoa kuulizia, utapoteza nauli. Tulicho nacho ni sheria ya kazi inayomlazimisha mwajiri kukulipa anapokupunguza, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ambayo wengi tunaiita CMA, na fao la upotevu wa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Vitu hivi vitatu haviulizi kama kilichokutoa kazini ni mafuta ya Malaysia au mashine mpya ya bosi. Vinauliza kama uliajiriwa, kama uliachishwa, na lini.

Mimi binafsi naona tunastahili zaidi ya hapo. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba polepole ili viwanda vya nguo vipumue, Marekani ikatishia kututoa kwenye AGOA, mpango wake wa kutuuzisha huko bila ushuru, na Tanzania ikarudi nyuma. Rwanda iliyoshikilia msimamo ikapoteza nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru mwaka 2018. Maamuzi ya aina hiyo yanapita juu ya kichwa cha mshona nguo na mkamua mawese, na hakuna anayemuuliza atakula nini. Lakini huo ni mjadala wa wabunge. Wewe una siku chache za kufuatilia haki yako, tuzifanyie kazi.

Usiandike barua ya kuacha kazi

Naanza na hili kabla ya jingine lolote kwa sababu ndilo lililotuumiza.

Mwajiri aliyebanwa anaweza kukuita ofisini kwa upole kabisa. Anakwambia hali ni mbaya, unaona mwenyewe, kwa hiyo andika barua ya kuomba kuacha ili akulipe haraka, mambo ya kupunguza watu yana mlolongo. Wenzangu kumi na zaidi waliandika. Wengine waliletewa barua imeshachapwa, kazi yao ikawa kusaini tu. Walipewa mshahara wa mwezi mmoja, wakashukuru, wakaondoka.

Kwa barua ile walifunga milango miwili kwa mkono wao. Wa kwanza, aliyeacha mwenyewe hawezi kusimama CMA kirahisi na kusema aliachishwa. Itabidi athibitishe kwamba alishinikizwa, na ushahidi wa maneno ya ofisini mlango ukiwa umefungwa ni mgumu kuupata. Wa pili, fao la upotevu wa ajira la NSSF halitolewi kwa mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Barua ya mistari mitatu, na vyote viwili vimekwenda.

Ukiletewa karatasi yoyote ya kusaini, iombe uende nayo nyumbani. Ukikataliwa, ipige picha kwa simu. Ukilazimika kusaini kwamba umeipokea tu, andika kwa mkono wako mwenyewe kando ya sahihi: "Nimepokea, sijakubali yaliyomo," na tarehe.

Kuna karatasi nyingine ya kuogopa, ya mahudhurio ya kikao. Sisi tuliitwa kikao cha nusu saa uani, daftari likazungushwa, kila mtu jina na sahihi. Baadaye karatasi ile ile ilitolewa kama ushahidi kwamba tulishirikishwa na tukakubali. Juu ya orodha ya majina palikuwa na aya ya makubaliano ambayo hakuna aliyetusomea. Kwa hiyo soma kichwa cha karatasi kabla hujaandika jina.

Kusanya karatasi ukiwa bado ndani ya geti

Ukishatoka, mlinzi uliyekuwa unakunywa naye chai ataambiwa asikuruhusu kuingia. Kusanya mapema:

- mkataba wa ajira, au barua ya kuajiriwa
- hati za mshahara, zote ulizonazo
- kitambulisho cha kazi
- namba yako ya NSSF na taarifa ya michango
- ratiba za zamu, fomu za likizo, barua yoyote yenye jina lako na mhuri wa kampuni
- ujumbe wa simu kutoka kwa msimamizi, hasa ule wa "msije mpaka muitwe"

Alikuwepo mama mmoja wa kufungasha sabuni, mtu mzima aliyetuzidi wote umri. Alikuwa anaweka hati zake za mshahara ndani ya kopo la maziwa ya unga, amezikunja moja moja na kuzifunga kwa raba, mwaka kwa mwaka. Tulikuwa tunamtania. Siku ya usuluhishi mwakilishi wa mwajiri alidai yule mama alianza kazi miaka minne tu nyuma. Mama akafungua kopo, akatoa mafungu saba, akayapanga juu ya meza. Hapakuwa na swali jingine kuhusu miaka yake.

Kama hukupewa mkataba wa maandishi, usikate tamaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ndiye aweke maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyatoa kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unakuwa wake. Kibarua aliyekuwa akipangiwa kazi, saa na malipo na mtu yule yule mwezi hadi mwezi anaweza kutambuliwa kuwa mwajiriwa, hata kama kwenye vitabu vyao aliandikwa "kibarua" tu.

Wakati wa majadiliano, uliza

Mwajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi hatakiwi kuamka asubuhi na kubandika majina getini. Sheria inamtaka atoe taarifa mara tu anapoanza kufikiria jambo hilo, aeleze sababu, na ajadiliane nanyi au chama chenu: kama inaweza kuepukika, wangapi watapunguzwa, watachaguliwaje, lini, na watalipwa nini. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi kama TUICO au TPAWU, huu ndio wakati wa kumwita katibu wa mkoa, na aje kabla ya kikao cha kwanza.

Akisema bidhaa za nje zimemmaliza, mwambie aonyeshe. Mauzo ya mwaka huu na mwaka jana, mzigo uliolala, bei. Ana wajibu wa kutoa taarifa zinazohusika. Hilo linaweza kuonekana ni ukaidi, lakini lina faida: wakati mwingine mnagundua kwamba kazi inaweza kubaki kwa kupunguza zamu, na wakati mwingine mnagundua kwamba wanaotolewa ni wazee wenye mafao makubwa huku vijana wapya wakiingizwa mlango wa nyuma. Kigezo kinachotumika sana ni aliyeingia mwisho kutoka kwanza, ila ujuzi unaohitajika kiwandani nao huangaliwa.

Msipokubaliana, suala linapelekwa CMA kwa usuluhishi, na ndani ya siku 30 za usuluhishi huo mwajiri hatakiwi kutoa notisi za kuwaachisha.

Na ikiwa hakuna kikao, hakuna barua, mmeambiwa tu "tutawaita"? Andikeni barua, nyote au mmoja mmoja, mkiuliza kwa heshima kama bado mna ajira na lini mtarudi. Pelekeni nakala mbili, moja isainiwe na kugongwa mhuri kwamba imepokelewa. Sisi hatukufanya hivyo. Miezi mitatu ilikatika tukisubiri simu, na tulipokwenda kudai tuliulizwa swali ambalo hatukuwa na jibu lake: mliachishwa tarehe ngapi?

Piga hesabu yako mwenyewe

Usisubiri hesabu ya mhasibu. Chukua daftari.

Tuseme mshahara wako wa msingi ni shilingi 312,000 kwa mwezi na unafanya kazi siku 6 kwa wiki. Siku za kazi za mwezi zinahesabiwa 26, kwa hiyo siku moja ni shilingi 12,000.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mimi nilikuwa na miaka 9 iliyokamilika. Miezi ya juu haihesabiwi. Siku 7 mara 9 ni siku 63, na 63 mara 12,000 ni shilingi 756,000. Ili upate kiinua mgongo lazima uwe umefanya kazi mfululizo angalau miezi 12. Na angalia hapa: mwajiri akikupa nafasi nyingine inayofaa ukaikataa bila sababu ya msingi, unaweza kukikosa.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28. Kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Hii ni kwa aliyevuka mwezi wa kwanza wa kazi. Asipokupa notisi anakulipa badala yake, yaani kwa mfano wetu karibu mshahara wa mwezi, 312,000.

Ongeza likizo ambayo hukwenda, mshahara wa siku ulizofanya kazi na hujalipwa, na saa za ziada kama zipo.

Halafu kuna nauli, ambayo watu wengi huisahau. Kama uliajiriwa Tabora ukaletwa kufanya kazi Kigoma, mwajiri ana wajibu wa kukurudisha Tabora na mizigo yako, au akulipe gharama zake. Kila siku unayokaa ukisubiri usafiri huo, anadaiwa posho ya kujikimu. Kijana mmoja wa Nzega tuliyekuwa naye zamu moja alijipakia treni kwa hela yake ya kukopa, na hakuwahi kudai. Laiti angejua.

Siku 30 za CMA

Kama unaona umeachishwa isivyo halali, bila majadiliano, bila sababu ya kweli au kwa upendeleo, una siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa kupeleka mgogoro CMA. Madai mengine, kama malimbikizo ya mshahara au likizo, yana siku 60. Mimi nakushauri usizitenganishe kichwani: peleka yote ndani ya 30. Chora duara kwenye kalenda ya ukutani siku ya 20, na ifikapo uwe umeshakwenda.

Fomu inaitwa CMA F.1, inapatikana ofisini kwao, na hakuna ada ya kufungua shauri. Ijaze taratibu. Mahali pa tarehe mgogoro ulipotokea, andika tarehe ya barua yako, usikadirie. Mahali pa madai, andika kila kitu na kiasi chake kutoka kwenye daftari lako, kwa sababu usichokiandika pale ni vigumu kukichomeka baadaye. Ukimaliza, nakala moja unampelekea mwajiri, anasaini kupokea. Akikataa kusaini, mwulize karani wa CMA njia nyingine ya kuthibitisha kwamba umemfikishia. Kisha unairudisha CMA pamoja na uthibitisho huo.

Ukichelewa, kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, CMA F.2. Lazima ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa. "Nilikuwa sijui sheria" haikubaliki kirahisi. Ugonjwa wenye cheti cha hospitali unaeleweka zaidi.

Kinafuata kikao cha usuluhishi, mnakaa na msuluhishi mezani. Unaweza kwenda na mwakilishi wa chama au wakili, na unaweza kwenda peke yako. Wengi wetu tulikwenda peke yetu na tukaeleweka. Usikose tarehe uliyopangiwa, kwa sababu shauri linaweza kufutwa. Mkikubaliana, makubaliano yanaandikwa na yana nguvu ya kutekelezwa kama hukumu, kwa hiyo hakikisha yana kiasi kamili na tarehe ya kulipa. Makubaliano yetu ya kwanza yaliandikwa "atalipa hali ikiruhusu". Hali haikuruhusu.

Msipokubaliana, shauri linakwenda kwenye uamuzi, unatoa ushahidi na tuzo, yaani uamuzi wa CMA, inatolewa. Asiyeridhika ana wiki 6 kuomba mapitio Mahakama Kuu, na siku hizi Kigoma tuna Mahakama Kuu yetu, hatusafiri tena kwenda Tabora.

Kama kiwanda kimewekwa chini ya mfilisi, madai yapelekwe kwake kwa maandishi mapema. Mishahara ya wafanyakazi ni miongoni mwa madeni ya kulipwa kwanza, lakini mfilisi hatakutafuta nyumbani kwako.

NSSF: fao la upotevu wa ajira

Hili halisubiri CMA imalize. Unaweza kuvifuata vyote kwa wakati mmoja.

Fao lilianza mwaka 2018 baada ya mifuko ya hifadhi ya jamii kuunganishwa. Kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, hajafikisha miaka 55, hakuacha kwa hiari na hajapata kazi nyingine, analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwa mshahara wa 312,000 ni karibu shilingi 104,000 kwa mwezi. Haitoshi kodi na ada, lakini inanunua unga na dagaa wakati unajipanga. Aliyechangia chini ya miezi 18 ana utaratibu wake wa malipo ya mkupuo, aulize dirishani.

Nenda na barua ya kuachishwa, kitambulisho cha taifa, kadi ya NSSF na namba ya akaunti ya benki. Hakikisha jina linafanana herufi kwa herufi kwenye vyote. Mwenzangu aliyeandikwa Athumani kwenye kadi na Athuman kwenye kitambulisho alizunguka wiki nyingi kwa sababu ya "i" moja.

Kabla ya yote, angalia taarifa ya michango. Kila mwezi inatakiwa iingie asilimia 20 ya mshahara wako, na kukatwa kwako kusizidi asilimia 10. Nyingine ni ya mwajiri. Ukikuta miezi imeruka wakati kwenye hati za mshahara ulikatwa, peleka hati hizo NSSF pale pale. Mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri, na unahitaji ushahidi wako kuanza.

Ukishavuka hapo

Dai cheti cha utumishi. Mwajiri analazimika kukitoa, na hakuna haja ya kugombana naye kuhusu maneno. Kinachotakiwa ni jina lako, kazi uliyofanya na tarehe.

Cheti hicho kinakufungulia mlango wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa, na ukiwa na mapungufu unaongezewa mafunzo, kisha unapata cheti. Mimi nilishika boila miaka yote ile bila karatasi yoyote. Kwa mtu wa miaka 40 na kitu, kurudi darasani kuanza upya haiwezekani, lakini kupimwa anachokijua inawezekana.

Kwa wanaotaka kujiajiri, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mlango wake ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na mnakwenda kama kikundi kilichosajiliwa. Mwanaume aliyevuka umri wa ujana hana fungu hapo, na hilo ni pengo linalotuumiza sana sisi tuliotoka viwandani.

Wale kina mama wa kufungasha sabuni walijiunga watano. Wananunua mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, kwa wakamuaji wa Simbo na Mwandiga, wakapata ushauri SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuhusu kalibu ya kumwagia sabuni, na wanauza miche yao Mwanga na Ujiji. Yule mwenye kopo ndiye mweka hazina, na risiti za kikundi anaziweka mle mle.